Ofa kwenye maziwa ya kopo: jibu kwa kijana mwenye duka la dawa Ngamiani

Swali lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Dada shikamoo. Mie nina duka la dawa Ngamiani, hapa Tanga. Mwezi uliopita wakala kaniletea maziwa ya kopo ya watoto wachanga, kaniambia weka ofa, anayenunua kopo mbili mpe chupa ya kunyonyeshea bure, na yale yanayokaribia kupitwa muda shusha asilimia 20. Nikaandika kwenye boksi nikabandika mlangoni. Siku ya tatu akaja mkaguzi akasema ng'oa hilo tangazo, ni kosa. Nimeng'oa lakini sijaelewa. Mbona sukari, sabuni, pampasi watu wanaweka ofa na hakuna anayesema kitu? Maziwa yenyewe ghali, kumpunguzia mama maskini kuna ubaya gani, na hiyo ofa inamzuiaje mtu kunyonyesha? Halafu mke wangu ana mimba ya miezi saba, nimemuwekea kopo mbili pembeni kwa tahadhari, nimekosea?"

Marahaba mdogo wangu. Pole na mkaguzi, najua ile ya kung'oa tangazo mbele ya wateja inauma, lakini hujaonewa. Na usijione mshamba kwa kuuliza, maana hata Uingereza kwenye masupamaketi yao makubwa wanalivutana hili hili mpaka leo, nitafika huko.

Nianze na hesabu kwa sababu wewe ni mtu wa biashara utanielewa haraka. Chukua kopo la gramu 400. Ukilikoroga vile linavyoelekeza unapata maziwa kama lita 3 hivi. Mtoto aliyefika mwezi mmoja anakunywa wastani wa mililita 700 kwa siku, wengine wanazidi, kwa hiyo hilo kopo ni siku nne, ukibana sana tano. Mwezi mzima ni kopo saba mpaka nane. Tuseme unauza elfu 25 na kwa ofa yako inashuka elfu 20, mama anatoka dukani amefurahi kaokoa elfu 5. Sawa. Lakini huyu mama juzi alikuwa ananyonyesha, alikuwa halipi hata shilingi. Kopo saba mara elfu 20 ni laki moja na elfu 40 kwa mwezi, bado gesi au mkaa wa kuchemshia maji, bado sabuni ya kuoshea vyombo, na ofa yako ikiisha mwezi ujao ni laki moja na elfu 75. Ile elfu 5 uliyompa imemfungulia bili ambayo hakuwa nayo.

Utaniambia sasa ofa ikiisha si anarudi tu kunyonyesha, nani kamkataza. Hapo ndio kwenye kiini cha swali lako na ndipo wengi hawapajui, na nikisema wengi naweka na baadhi ya wenzangu wavaa makoti meupe.

Ziwa la mama halifanyi kazi kama simtanki, kwamba leo usipofungua koki kesho utayakuta maji yako yanakusubiri. Ziwa linatengeneza kwa kadiri linavyonyonywa. Mtoto akinyonya kuna homoni inaitwa prolaktini inapanda kwenye damu ya mama, hiyo ndio inatoa oda ya kutengeneza, na kuna nyingine oksitosini inayasukuma yatoke, hii ya pili ina aibu kidogo, mama akiwa na hofu au maumivu au mawifi wamemkalia kooni inachelewa kuja. Na maziwa yakibaki ndani bila kutolewa ziwa lenyewe linapunguza mwendo. Sasa mzazi yuko ndani ya arobaini, amechoka, mtoto analia usiku, mtu anasema mpe kidogo ya kopo ulale. Analala kweli. Lakini usiku ndio prolaktini inapanda zaidi kuliko mchana, kwa hiyo ameruka nyonyo ya maana kuliko zote, kesho yake maziwa yanakuwa pungufu kidogo, mtoto analia zaidi, mama anasema si mnaona, mie maziwa yangu hayamtoshi. Inaongezwa chupa ya pili, halafu ya tatu. Ukienda hivyo wiki mbili, wiki zile za mwanzo ambazo ziwa ndio linajipangia litakuwa linatengeneza kiasi gani, unakuta kweli sasa hayamtoshi. Alichokiogopa hakikuwepo, kimeletwa na dawa yake.

Na ofa za madukani huwa ni za muda gani? Wiki mbili, mwezi. Yaani inakaa muda ule ule unaotosha maziwa ya mama kupungua, halafu inaondoka, bei inarudi juu na mama hana tena pa kurudi. Ukinunua sukari kwa ofa leo na wiki ijayo huna hela utakunywa chai bila sukari maisha yanaendelea, mwili wako haujapoteza kitu. Pampasi zikikushinda unarudi kwenye nepi za kitambaa. Maziwa ya kopo ndio bidhaa ya ajabu pale dukani kwako, maana ukishaitumia kidogo inaua kile cha bure ulichokuwa nacho nyumbani, na hiyo ndiyo tofauti uliyokuwa unaniuliza.

Nikupe kisa kimoja. Kuna mama nilimtembelea Makorora, binti mdogo, mtoto wake wiki saba. Shangazi mtu alimnunulia kopo mbili za ofa mjini, kopo moja lilikuwa na chupa ya zawadi imezungushiwa selotepu. Zile mbili alizikoroga sawasawa. Zikaisha, ofa nayo ikawa imeisha, baba wa mtoto anabeba mizigo gati la bandarini, siku ipo siku haipo, akajikaza akanunua moja kwa bei kamili. Mie nilipofika kopo lenyewe lilikuwa juu ya kabati la vyombo limefunikwa kitambaa cha kufuma utadhani redio mpya. Nikamwambia hebu nikorogee nione unavyofanya. Akachota kijiko kimoja cha mle ndani ya kopo, akakisawazisha kwa kisu vizuri kabisa, akajaza maji mpaka mililita 150. Maziwa yakawa yamepauka kama maji yaliyooshea mchele. Kopo lile kwa maelekezo yake kijiko kimoja ni maji mililita 30, kwa hiyo chupa ile ilitaka vijiko vitano, mtoto alikuwa anapata moja ya tano ya chakula chake tumbo likijaa maji. Kopo la siku nne lilikuwa linaingia wiki ya tatu. Kadi ya kliniki mstari wa uzito umelala. Na yule binti hakuwa mjinga wala mzembe hata kidogo, alikuwa anagawa alichonacho kama tunavyogawa kila kitu.

Tulimrudisha ziwani, inawezekana lakini ni kazi. Kunyonya kila baada ya masaa mawili mchana na usiku, tukambandikia mrija mwembamba pembeni ya chuchu, ncha ya pili imo kwenye kikombe chenye maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa vipimo halali, mtoto anavuta anadhani yote yanatoka kwa mamake, ziwa linapata oda upya. Wiki tatu. Mama yake mzazi akahamia pale na uji wake wa pilipili manga, na mie sitabisha kuhusu uji wa pilipili manga, hata kama kinacholeta maziwa ni mdomo wa mtoto, mzazi anayepikiwa na kupumzishwa oksitosini yake haina aibu.

Haya, sheria sasa, hapa nitapita mbio. Miaka ya 70 kampuni za maziwa zilikuwa zinagawa sampuli mahospitalini kwenye nchi kama zetu, watu wakaja juu, 1977 Marekani ukaanza mgomo wa kutonunua bidhaa za Nestlé, na Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha kanuni ya kimataifa ya uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama. Kura 118 zilikubali, moja ilikataa nayo ni ya Marekani, tatu hazikuegemea popote. Ibara ya 5 kipengele cha 3 ndio inakuhusu wewe wa kaunta: hakuna matangazo dukani, hakuna sampuli, hakuna kuponi za punguzo, hakuna zawadi kwa mnunuzi, hakuna mauzo maalumu, hakuna bei ya chambo ile unayouza kwa hasara ili mtu aingie dukani, na hakuna kufunga bidhaa mbili pamoja. Chupa na chuchu za plastiki nazo zimo, kwa hiyo lile wazo la wakala lilikuwa makosa mawili kwenye boksi moja. Wakala mwenyewe hakupaswa hata kulipwa bonasi kwa wingi wa makopo anayouza, nalo limeandikwa. Tanzania tulitunga kanuni zetu 1994, zikaja mpya 2013 wakati ule wa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na tangu 2019 mambo ya chakula yako TBS, shirika la viwango.

Lakini kuna sentensi moja kwenye kile kipengele cha 3 cha kanuni ya kimataifa ambayo watu hawaisomi na mie naipenda kuliko zote. Inasema katazo hili halizuii sera za bei zenye lengo la kuuza bidhaa kwa bei nafuu kwa muda mrefu. Umeelewa hapo? Hawajakukataza kuuza rahisi. Wamekukataza kuuza rahisi kwa muda, kwa kupiga kelele. Ukiamua faida yako kwenye kopo iwe ndogo, ukaweka elfu 22 Januari na elfu 22 Desemba, bila boksi mlangoni, bila nyota nyekundu, bila "mwisho wa ofa Jumamosi", mama ambaye kweli anahitaji anapata nafuu mwaka mzima na yule asiyehitaji hakuna kilichomvuta. Hiyo ndio huruma kwa maskini uliyoniuliza.

Unaweza kusema mama ana akili zake, boksi la mlangoni haliwezi kumbadilisha. Amerika ya Kaskazini waliwahi kupima kitu cha karibu na hicho, mama waliotoka hospitali na mifuko ya zawadi ya kampuni za maziwa wakalinganishwa na waliotoka bila, na wale wa mifuko walikuwa pungufu kwenye kunyonyesha maziwa ya mama matupu. Mfuko tu! Mie mwenyewe ni shahidi, mtoto wangu wa kwanza, miaka hiyo ya 90, hospitali fulani nilipewa kopo lina picha ya mtoto mnono anacheka, nikajiona tajiri wodi nzima. Picha za hivyo nazo zimekatazwa kwenye kopo, angalia uliyonayo kama ina mtoto. Mama yangu alilichukua akalificha juu ya dari, nililikuta mtoto ana miaka mitatu, unga umekuwa jiwe.

Sasa nikupe na upande wako, maana unao. Uingereza sheria yao inakataza punguzo kwenye maziwa ya watoto wachanga kabisa, hata pointi za kadi ya dukani walizuiwa kuzitumia. Kati ya 2021 na 2023 bei ikapanda kama asilimia 25, wazazi wakapiga kelele, wenye masupamaketi wakasema sheria ndio inatufunga mikono. Mamlaka yao ya ushindani, CMA, ikachunguza ikatoa ripoti Februari 2025. Walichokuta kinachekesha na kusikitisha. Maziwa yote ya hatua ya kwanza, yale ya tangu kuzaliwa, kisheria lazima yatimize mahitaji yale yale ya lishe ya mtoto, la bei ya chini na la bei ya juu, lakini wazazi wengi wanachagua brandi wakiwa wamechoka, mara nyingi pale pale hospitali, wanaamini ghali ndio bora, na anayehama kutoka brandi maarufu kwenda ya bei nafuu anaweza kuokoa hela nyingi mwaka wa kwanza. Wakapendekeza wazazi waruhusiwe kulipia kwa vocha na pointi zao, na brandi zisijitangaze kupitia mahospitali. Kuna na ujanja mmoja, kule punguzo la maziwa ya hatua ya pili ya kuanzia miezi sita halijakatazwa, basi kopo la hatua ya pili linatengenezwa linafanana na la kwanza kama mapacha, tangazo la moja linauza lingine. Shirika la Afya Duniani linasema hayo ya hatua ya pili mtoto hata hayahitaji.

Kwa hiyo nakubaliana na wewe mahali pamoja, katazo la ofa likiachwa peke yake linaweza kuwa kichaka cha kampuni kupandisha bei huku zikisema "sheria hairuhusu tupunguze", wakati sheria inaruhusu kupunguza, ilimradi iwe bei ya kudumu. Dawa ya bei ghali ni bei ishuke. Ofa ni kitu kingine.

Hapa kwetu twende na takwimu mbili tu. Watoto chini ya miezi sita wanaonyonya maziwa ya mama peke yake walikuwa asilimia 59 kwenye utafiti wa taifa wa 2015-16, ule wa 2022 ukakuta 64. Tunapanda lakini bado zaidi ya mtoto mmoja kwa kila watatu anapewa kitu kingine, na ukiniuliza mie wa Tanga, wengi wala sio kopo, ni maji, ni gripewata ya mchango wa tumbo, ni uji mwepesi wa miezi mitatu, ni maziwa ya ng'ombe maana mji huu maziwa fresh hayajawahi kuwa shida. Kopo linaingia zaidi kwa wanaofanya kazi. Na hapo ndio naona serikali na waajiri wanakwepa, unamkataza muuza duka ofa sawa, lakini mama anarudi kazini mtoto ana miezi mitatu kasoro. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, mapacha 100, ukirudi una haki ya mpaka masaa mawili kwa siku ya kwenda kunyonyesha. Muulize dada yeyote anayefanya kazi hotelini kama aliwahi kuambiwa. Na yule wa soko la Mgandini mwenye meza yake ya nyanya likizo anampa nani? Hao ndio wateja wako wa kweli, na ukitaka kuwasaidia waambie tu kwamba maziwa yanakamuliwa kwa mkono, yanakaa kwenye chombo safi chenye kifuniko kivulini, kwa joto letu hili yasizidi masaa manne, na bibi anampa mtoto kwa kikombe.

Nimesema kikombe. Wakija wanaohitaji kopo kweli, na wapo, mama aliyefariki, mama mgonjwa sana, wachache wenye watoto wenye maradhi kama galaktosimia, yaani mwili hauwezi kutumia sukari ya maziwa, na yule aliyeamua mwenyewe bila kushawishiwa, uza bila hotuba, usimsimange mtu kaunta. Mama mwenye VVU aliye kwenye dawa naye siku hizi ananyonyesha, asije akakimbilia kopo kwa sababu ya maneno ya mtaani, mrudishe kliniki. Lakini unapouza, dakika mbili za maelezo: ule unga sio safi asilimia mia hata kopo likiwa jipya, unaweza kuwa na vimelea, kwa hiyo maji yachemke halafu yakorogewe yakiwa bado moto usiopungua nyuzi 70, ndio yapozwe, vijiko kama ilivyoandikwa bila kupunja, yaliyobaki baada ya masaa mawili yamwagwe. Na chupa waachane nayo, chuchu ya plastiki kuisafisha ndani ni mtihani. Kila nyumba ya Tanga ina vile vikombe vidogo vya kahawa, hakina kona, unakichemsha na kijiko chake kimekwisha, mtoto wa siku moja anakunywa, unakigusisha tu mdomo wa chini analamba mwenyewe kama paka.

Yale makopo yanayokaribia kupitwa muda mpigie wakala ayachukue, na chupa zake za zawadi zote aondoke nazo. Akigoma mwambie umeambiwa na mkaguzi, utaona anavyokuja mbio. Mengine yaweke rafu ya kawaida, sio ile piramidi ya mlangoni.

Kuhusu kopo mbili za mkeo, ulikuwa na nia njema lakini zirudishe rafuni uziuze. Nakujua huko tuendako, usiku wa tatu baada ya kujifungua saa nane za usiku mtoto analia, mama mkwe anasema hashibi, na wewe unakumbuka kuna kopo kabatini. Likiwa halipo mtahangaika mpaka alfajiri na mtoto atakuwa amenyonya mara sita, ndio hicho kinachotakiwa. Siku za mwanzo ni dang'a, yale ya njano, ni machache kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo, siku ya pili ya tatu au ya nne ndio maziwa yanajaa na maziwa yakijaa wengine wanapata homa kidogo na maumivu wanatishika. Akishajifungua salama nitumie meseji siku hiyo hiyo, nitapita hapo kwenu siku ya tatu jioni nikitoka hospitali ya Bombo, nione mtoto anavyoshika ziwa. Mwambie mama mkwe asikasirike, nakuja kula uji wake tu.